Yadi ya malori Lunga Lunga: bakteria walikuwepo, hewa ndiyo haikuwepo

Yadi yenyewe iko kando ya Barabara ya Lunga Lunga, eneo la viwanda la Nairobi. Kwa miaka mingi malori yamebadilishwa oili hapo, dizeli imemwagika ikihamishwa kutoka pipa hadi tangi, na filta zilizotumika zimeachwa zichuruzike chini. Kisa ni cha mfano. Hakuna yadi moja yenye jina nyuma yake, na vipimo vimewekwa ili kila hesabu ifuatike. Udongo, mvua na makosa, hata hivyo, ndivyo atakavyovikuta yeyote anayeshika kazi kama hii upande huo wa jiji.

Doa lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Mwenye yadi anataka kumwaga sakafu ya zege na kuweka shimo jipya la kutengenezea magari, na anajua akijenga juu ya udongo ule harufu itapanda na mafuta yataendelea kuteremkia Mto Ngong. Shauri la kwanza analopewa ni lile la siku zote: pakia lori, mwaga mbali. Udongo uliolowa oili chafu ni taka hatari, kuusafirisha kunahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na huko unakomwagwa unabaki na mafuta yake yote. Shauri la pili ni kuacha bakteria wayale mafuta hapo hapo uani. Ni shauri zuri, ila kwa udongo wa Lunga Lunga lina mtego mmoja mkubwa, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu mtego huo.

Udongo unaofunga mlango

Juu kuna sentimita 15 za murram iliyoshindiliwa na magurudumu. Chini yake ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mafundi huuita blakkotoni. Karen na Westlands kuna udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Ukija upande wa viwandani, Embakasi na kuelekea Athi River, ni huu mweusi. Kiangazi unasinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono unaweza kuingia. Mvua ikinyesha unavimba, nyufa zinafunga, na hapo hata hewa haipiti.

Oili iliyomwagwa Februari hupita kwenye murram kama maji kwenye chujio, ikashuka kwenye nyufa hadi mita moja au zaidi. Aprili nyufa zinafunga na mafuta yanabaki yamebanwa, kama nyama ndani ya sambusa. Kwa hiyo anayechimba mashimo ya sampuli katikati ya mabonge anaweza kupata udongo safi kabisa, na sentimita 20 pembeni ukuta wa ufa wa zamani unang'aa mafuta. Mashimo ya majaribio yachimbwe marefu kama mtaro mdogo, yakate nyufa, na sampuli zichukuliwe ukutani kwenye sentimita 30, 60 na 90.

Ukipasua bonge moja la kina cha sentimita 50 unaona kila kitu. Nje lina ngozi nyembamba ya kahawia, unene wa milimita mbili tatu, ambako hewa imefika. Ndani ni jeusi lenye rangi ya kijivujivu ya buluu, linateleza kidoleni, na linanuka yai bovu. Harufu hiyo ni ya bakteria wanaoishi bila oksijeni, wanaotumia salfeti badala yake. Hao nao huvunja mafuta, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Wale wa haraka, akina Pseudomonas, Rhodococcus na Acinetobacter, wanahitaji oksijeni, tena hatua ya kwanza kabisa ya kazi yao ni kuchomeka oksijeni kwenye molekuli ya mafuta. Bila hiyo hawaanzi.

Sampuli ziliwekwa kwenye chupa za kioo zenye kifuniko kisichopitisha mvuke, zikapelekwa maabara kwenye barafu. Wastani ulikuwa miligramu 12,000 za mafuta kwa kilo ya udongo, takriban sehemu mbili kwa tano dizeli na iliyobaki oili ya injini. pH ilikuwa 7.4. Bakteria wanaokula mafuta walihesabiwa 100,000 kwa gramu, wakati kiwango cha chini kinachokubalika kuanzia kazi ni 1,000. Mafuta yakizidi 50,000 kwa kilo, bakteria wenyewe huanza kulemewa. Hapa hatujafika huko.

Kona moja ilitengwa. Ni pale betri za zamani zilipokuwa zikifunguliwa, na metali ya risasi ilionekana kwenye vipimo. Risasi ni elementi: hakuna bakteria anayeweza kuivunja iwe kitu kingine, na kuchanganya udongo ule na mwingine ni kusambaza tatizo tu. Uliwekwa kwenye mapipa ya peke yake. Maabara iliombwa pia ipime vimumunyisho vyenye klorini, vile vya kuoshea vipuri, na PCB, kemikali za sumu za mafuta ya transfoma. Perkloroethilini, kimojawapo cha vimumunyisho hivyo, haivunjwi na bakteria wa hewa. Inahitaji wale wa bila hewa kama Dehalococcoides, na kazi ikikatika njiani inabaki vinili kloridi, ambayo ni sumu mbaya kuliko ulichoanza nacho. Kama vitu hivyo vingeonekana, mpango wote unaofuata ungetupwa. Havikuonekana.

Ndoo nne kabla ya kununua chochote

Wauzaji wa bakteria wa chupa hufika mapema, na maneno yao ni matamu. Jibu la kuwapa ni ndoo nne za lita 20, kila moja na kilo 10 za udongo uliopondwa hadi punje za ukubwa wa njegere. Ya kwanza inafungwa bila kuguswa. Ya pili inapinduliwa kila siku mbili na kunyunyiziwa maji. Ya tatu ni kama ya pili pamoja na mbolea. Ya nne ni kama ya tatu pamoja na bakteria wa kununua. Wiki sita, vipimo mwanzo na mwisho, sampuli tatu kutoka kila ndoo.

Kwenye udongo uliokaa na mafuta miaka mingi, ndoo ya nne kwa kawaida haiishindi ya tatu kwa tofauti ya maana, na hapa haikuishinda. Wenyeji wamekwisha kuchujwa na mazingira; wageni wanaliwa na protozoa au wanakufa njaa ya naitrojeni kama wengine. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, mbolea iliyonyunyiziwa ufukweni iliongeza kasi ya bakteria waliokuwepo, wakati bidhaa za bakteria wa kununua zilizojaribiwa huko hazikuonyesha faida iliyopimika. Pesa za chupa zikaelekezwa kwenye mabomba.

Kilichotuvutia zaidi kwenye ndoo zile ni tofauti kati ya ya kwanza na ya pili. Kuponda na kupindua tu, bila mbolea, kulitoa zaidi ya nusu ya faida yote. Hiyo ilikuwa dalili wazi, na bado ilipuuzwa wakati wa kuchimba.

Hesabu

Mita 200 za mraba kwa kina cha sentimita 60 ni mita za ujazo 120. Kwa uzito wa tani 1.3 kwa kila mita, hizo ni tani 156 za udongo. Mafuta yaliyomo: kilo 12 kwa tani mara 156, yaani kilo 1,872. Kaboni ni takriban asilimia 85 ya hayo, kilo 1,590.

Kanuni ya mbolea ya bakteria inayonukuliwa kila mahali ni kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Ukiifuata kichwakichwa unapata kilo 159 za naitrojeni, sawa na mifuko saba ya yurea, na mtu mwenye haraka ataimwaga yote siku moja. Hapo ndipo mbolea inapogeuka chumvi. Udongo wenye unyevu wa asilimia 25 una tani 39 tu za maji. Kilo 159 zikiyeyuka humo ni zaidi ya miligramu 4,000 za naitrojeni kwa kilo ya maji, na ukivuka 2,000 hivi chumvi inaanza kuwanyang'anya bakteria maji. Tukapunguza hadi nusu na kugawa: mifuko miwili ya DAP ya kilo 50 wakati wa kuchanganya, inayotoa kilo 18 za naitrojeni na 20 za fosforasi, kisha mfuko mmoja wa yurea mara tatu, kila wiki sita. Jumla ya naitrojeni ni kilo 87. DAP ichanganywe ikiwa kavu kwa sababu punje zake huacha tope kwenye pipa. Yurea iyeyushwe, mfuko mmoja kwenye pipa la lita 200, inyunyizwe polepole. Ikimwagwa kavu mahali pamoja utasikia amonia inachoma macho. Hiyo ni mbolea yako inakwenda hewani.

Hewa sasa. Kilo moja ya mafuta inahitaji takriban kilo 3.5 za oksijeni ili iishe kabisa. Tukilenga kuondoa asilimia 80, yaani kilo 1,500, tunahitaji kilo 5,200 za oksijeni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi: mita moja ya ujazo ina kama kilo 0.23 za oksijeni, wakati Mombasa ina 0.28 hivi. Majedwali ya blowa, mashine ya kupitisha hewa, huandikwa kwa usawa wa bahari, kwa hiyo ukinunua kwa kufuata karatasi ya muuzaji umejipunja karibu moja kwa tano kabla ya kuwasha swichi.

Mpango ni kuchimbua udongo na kuurundika hapo uani, na wengi hudhani kupindua lundo mara moja kwa wiki kunatosha. Lundo letu la mita za ujazo 180, likiwa na zaidi kidogo ya robo yake hewa, linabeba mita 48 hivi za hewa, yaani kilo 11 za oksijeni. Hizo zinamaliza kilo tatu za mafuta. Kama kupindua ndiko kungekuwa njia pekee ya kuingiza hewa, lundo lingepinduliwa zaidi ya mara 470. Faida ya kupindua ni kuvunja mabonge na kufungua njia. Hewa yenyewe lazima ije kwa bomba, au udongo utandazwe mwembamba, sentimita 30, ijiingize yenyewe. Kutandaza tani 156 kwa unene huo kunataka zaidi ya mita 500 za mraba, na yadi hii haina nafasi hiyo huku malori yakiendelea kuingia na kutoka.

Lundo

Chini palisawazishwa kwa mteremko wa asilimia mbili kuelekea kona moja, pakatandikwa mchanga laini, kisha karatasi nzito ya plastiki ya milimita moja, ile inayotandikwa kwenye mabwawa ya kukusanyia maji ya mvua. Kingo ziliinuliwa sentimita 40. Kwenye kona ya chini kuna shimo la kukusanyia maji, nalo linatolewa kwa pampu kwenda kwenye tangi la kutenganisha mafuta na maji. Mtaro wa mvua usiguswe. Mtaa wa Sinai uko jirani, na tarehe 12 Septemba 2011 zaidi ya watu 100 walikufa huko petroli iliyovuja ilipofika kwenye mtaro na kushika moto.

Mabomba matatu ya PVC ya inchi mbili yalilazwa kwa urefu, mita mbili kutoka moja hadi jingine, yakatobolewa matundu ya milimita 6 kila sentimita 30, yakafunikwa kokoto sentimita 15. Mita ya kwanza ya kila bomba ndani ya lundo haikutobolewa, na mwisho wake uliishia mita moja kabla ya ukingo. Usipofanya hivyo hewa inachagua njia fupi kwenda nje na katikati ya lundo panabaki kama palivyokuwa. Blowa ya kilowati 0.75 inayotoa mita za ujazo 60 za hewa kwa saa ilitosha: saa nane kwa siku ni mita 480, na hata bakteria wakitumia moja kwa tano tu ya oksijeni inayopita, tunafika kilo 22 kwa siku, siku kama 240. Ilipangwa ivute badala ya kusukuma miezi miwili ya mwanzo, mvuke wa dizeli upite kwenye pipa la mboji kabla ya kutoka. Kati ya lundo na blowa paliwekwa pipa la kunasa maji. Likijaa bila mtu kulitazama, maji yanaingia kwenye mota na mota inaungua. Mtu mmoja apewe kazi ya kulifungua kila asubuhi. Blowa ifungiwe kwenye kizimba cha chuma na waya upite juu. Sababu kila mwenye yadi Nairobi anaijua.

Udongo ulichanganywa na makapi ya mpunga kutoka Mwea, mita moja ya makapi kwa kila nne za udongo uliochimbuliwa. Makapi yana silika nyingi, yanaoza taratibu, kwa hiyo yanashikilia nafasi za hewa bila kula naitrojeni yote. Vumbi la mbao ni rahisi kupatikana lakini linaoza haraka na kunyang'anya mbolea, na likiloweka linalala kama uji. Samadi iliongezwa kidogo, mikokoteni mitatu. Kuna walioshauri jasi pia. Jasi hufaa pale sodiamu inapotawala mfinyanzi. Hapa maabara ilionyesha kalsiamu imekwisha kutawala, ikaachwa.

Umbo la mwisho: upana mita 6.5 chini na 3.5 juu, kimo mita 1.5, urefu mita 24. Juu yake karatasi nyeusi. Wafanyakazi walivaa glavu ndefu, mabuti na barakoa zenye kichujio cha mvuke, kwa kuwa oili ya injini iliyotumika ina benzopireni na ndugu zake, kemikali zinazoleta saratani, na glavu za kitambaa zinazovaliwa gereji hunyonya oili na kuishikilia kwenye ngozi.

Kosa la Februari

Uchimbaji ulifanyika wiki ya pili ya Februari ili kuwahi masika. Sentimita 40 za juu zilitoka vizuri, zimekauka, zinamomonyoka zenyewe kuwa punje. Chini ya hapo udongo ulikuwa bado na unyevu wa Novemba, na eskaveta ikautoa kwa mabamba mazito yanayong'aa pale ndoo ilipopita. Ilibidi mabamba hayo yatandazwe na kukaushwa. Badala yake yalirundikwa, yakapakwa makapi kwa nje, yakafunikwa.

Wiki ya tano kifaa cha kupima gesi kilitumbukizwa katikati ya lundo na kusoma oksijeni asilimia 18. Kila mtu alifurahi. Hewa ya kawaida ina 21, na mwongozo wowote utakuambia zaidi ya 10 ni salama. Lakini 18 kwenye lundo lenye mafuta mengi kiasi kile inapaswa kumtia mtu wasiwasi: inaweza kuwa hewa ipo kwa sababu hakuna anayeila. Ilikuwa ikipita kati ya mabamba, kwenye nafasi za makapi, na kurudi nje karibu kama ilivyoingia. Ndani ya kila bamba bakteria walikuwa wamefungiwa.

Kipimo kinachotoa ukweli ni kuzima blowa na kusoma kila saa. Kwa hewa iliyomo katika kila kilo ya lundo hili, oksijeni ikishuka kwa nukta moja ya asilimia kwa siku nzima, mafuta yanapungua takriban miligramu moja kwa kilo kwa siku. Kwa mwendo huo, kuondoa 9,600 kungechukua zaidi ya miaka 26. Ili kumaliza kwa siku 240 tunahitaji miligramu 40 kwa siku, maana yake blowa ikizimwa oksijeni ishuke karibu nukta mbili kila saa na ikaribie kuisha kabla ya jua kutua. Lundo letu lilishuka nukta tano kwa siku. Mwezi mzima ulikuwa umepotea.

Kilichoongeza mkanganyiko ni majibu ya maabara ya wiki ya tatu: miligramu 13,100. Mafuta yameongezeka? Hapana. Samadi na makapi vina nta na mafuta ya mimea ambayo kipimo cha kawaida huyahesabu pamoja na dizeli. Maabara iombwe kusafisha kimumunyisho kwa silika jeli kabla ya kusoma; sampuli ile ile iliporudiwa hivyo ikatoa 11,500. Omba hivyo tangu sampuli ya kwanza, la sivyo namba za mwanzo na za mwisho haziwezi kulinganishwa.

Masika ilipoanza hapakuwa na la kufanya. Ukifumua lundo la mfinyanzi kwenye mvua unatengeneza matope ya kufinyangia vyungu. Blowa iliachwa iendelee, karatasi ikafungwa kwa magunia ya mchanga, na shimo la kona likawa linapakuliwa kila baada ya mvua.

Kufumua

Juni mwanzoni lundo lilifunguliwa na udongo ukatandazwa unene wa sentimita 10 hadi 15, sehemu baada ya sehemu, chini ya turubai lililoinuliwa kwa nguzo ili upepo upite. Blakkotoni una tabia moja inayousamehe uovu wake mwingi: ukikaushwa na kuloweshwa mara mbili tatu hujivunja wenyewe. Bonge la ukubwa wa ngumi linapasuka vipande vya ukubwa wa karanga bila mtu kushika nyundo. Kila sehemu ilikaushwa siku nne, ikanyunyiziwa maji kidogo, ikakaushwa tena, kisha rotaveta, mashine ya kusaga udongo, ikapita. Kipimo cha mkono ndicho kilichotumika kuamua: kamata udongo, finya, achia. Ukitoka kama utepe kati ya vidole, una maji mengi. Ukiwa vumbi, bakteria hawana maji ya kuishi. Ukishikana halafu ukavunjika kwa kuguswa, rudisha kwenye lundo. Kazi iliyohitaji eskaveta siku mbili Februari ilichukua wiki tatu, nafasi ya nusu ya yadi, na uvumilivu wa mwenye malori.

Baada ya hapo kipimo cha kuzima blowa kilionyesha nukta moja na nusu kwa saa, hata katika baridi ya Julai. Baridi yenyewe ina gharama: kasi ya bakteria hupungua nusu hivi kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka, kwa hiyo lundo lililoshuka kutoka nyuzi 24 hadi 17 limepoteza zaidi ya theluthi ya mwendo wake. Karatasi nyeusi husaidia kiasi, na blowa ilihamishiwa mchana badala ya usiku ili isivute hewa ya alfajiri.

Agosti mwishoni mafuta yalikuwa 7,000, Oktoba 4,300, Desemba 2,900. Ili kuhakikisha kwamba hayakukimbilia hewani wala kuzimuliwa na makapi tu, ziliangaliwa alama mbili. Kwa dizeli, uwiano wa molekuli mbili za dizeli, mnyororo wa kaboni 17 ulionyooka na pristani: bakteria hula iliyonyooka kwanza, pristani yenye matawi huchelewa, kwa hiyo uwiano ukishuka kuna anayekula. Kwa oili ya injini, hopani, molekuli ngumu ambayo bakteria huiacha mwisho. Mafuta mengine yakipungua mara nne ukilinganisha na hopani, yamevunjwa kweli.

Namba iliyokwama

Lengo lililoandikwa kwenye mpango na kukubaliwa kabla ya kuchimba lilikuwa 1,000. Januari namba ilikuwa 2,500, Machi 2,400. Yurea zaidi haikuigusa. Kwenye karatasi ya kromatografu, kifaa cha maabara kinachotenganisha aina za mafuta, vilele vyote vya dizeli vilikuwa vimekwisha, na kulibaki nundu moja pana ya upande wa oili nzito: pete zilizoshikana, matawi, na sehemu iliyojibana kwenye vinyweleo vya mfinyanzi vidogo kuliko bakteria mwenyewe. Mtu anayekuahidi 1,000 kwenye oili ya injini na blakkotoni kwa miezi minane hajawahi kungoja hadi mwezi wa tisa.

Hapa ndipo kosa la mezani linapoonekana kuwa ghali kuliko la eskaveta. Lengo moja la jumla ya mafuta liliwekwa bila kutenganisha dizeli na oili nzito, na bila kuuliza udongo utatumika wapi. Mabaki haya hayayeyuki kwenye maji kwa kiwango cha kuhangaisha, na hayana mvuke. Kilichopaswa kupimwa na kuwekewa kikomo ni zile haidrokaboni zenye pete, benzopireni ikiwa ya kwanza, pamoja na kipimo cha maji yanayochujika kutoka kwenye udongo. Vilipimwa mwishoni, mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA akaandika upya tathmini ya hatari kwa matumizi ya kiwandani, na ombi la kubadilisha lengo likapelekwa. Karatasi hizo zilikula miezi miwili ambayo ingeweza kwenda sambamba na lundo.

Udongo ulirudishwa kama kifusi chini ya zege la yadi ile ile. Sharti liliandikwa kwamba usitoke nje ya lango, kwa sababu ni mweusi, umelainika, umenona mbolea, na ukiwekwa kando ya barabara wauza miche wangeubeba kwa mikokoteni ndani ya siku moja.

Shimo lenyewe lilipimwa kabla ya kufukiwa. Sakafu yake kwenye sentimita 60 ilikuwa safi isipokuwa mistari mitano myembamba, nyufa za zamani, ambayo bado ilikuwa na mafuta. Ilifuatwa kwa sururu na sepetu hadi ikaisha, mmoja ukienda mpaka sentimita 110, na tani nne zilizotoka humo zikaingizwa kwenye lundo wakati wa kufumua. Kisha kokoto, karatasi, zege lenye mteremko, na shimo la kunasa oili kabla maji ya kuoshea malori hayajafika kwenye mtaro. Bomba moja la inchi mbili liliachwa limesimama kwenye kona ya chini, na kifuniko chenye kufuli, la kuchotea maji ya kupima kila baada ya masika.